Miguu ya Danieli

Vijana wangu wa ghalani, siku ya kuniaga mlimpa saa kubwa ya ukutani mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Nimeitundika sebuleni hapa Dar es Salaam, na mke wangu ndiye anayeitumia, kunihesabia muda ninaokaa barazani bila kazi. Pamoja na saa mlinipa ombi: niandike kazi ilivyokuwa zamani, kabla ya simu za kupiga picha mzigo na kumtumia mwenyewe akiwa amejilaza kwake Mwanza. Basi naandika. Msitafute humu nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Cheo hakifungi boksi.

Nilifika Guangzhou mwishoni mwa miaka ya tisini. Watanzania tulikuwa wachache kiasi kwamba ukisikia mtu amesema "hodi" kwenye korido ya hoteli pale Xiaobei, unatoka na taulo kiunoni kwenda kumsalimia. Mjomba wangu alikuwa na duka Kariakoo, akanituma nikamsimamie mizigo yake kwa msimu mmoja. Msimu huo umekwisha mwaka huu.

Siku ya kwanza ghalani nilipokewa na Bi Huang, msimamizi wa wafungaji, mwanamke mfupi mwenye viganja vya mtu wa jembe. Hakuniuliza jina. Alinipa boksi lililokwisha kufungwa, akaniashiria nilitikise karibu na sikio. Nikatikisa. Nikamwonyesha dole gumba kwamba liko sawa. Akalichukua, akalitikisa yeye, akalifungua mbele yangu: ndani kikombe kimoja kilikuwa kinacheza.

"Linaongea," alisema, na mwenzetu mmoja akanitafsiria. "Boksi likiongea hapa, likifika kwenu litakuwa linalia."

Wiki nzima hiyo kazi yangu ilikuwa kusikiliza maboksi. Wafanyabiashara wenzetu waliopita pale waliamini mjomba amemtuma mwehu. Lakini hadi nastaafu sijawahi kupakia boksi kwenye konteina kabla ya kulitegea sikio, na nyinyi mlionicheka mnajijua. Bi Huang ndiye pia aliyenikataza kukata tepu kwa meno. Nina meno yangu yote, ashukuriwe yeye baada ya Mungu.

Zamani hizo mzigo wa dini ulikuwa mwingi kuliko mnavyodhani. Wenzetu wa Unguja walichukua miswala, saa zinazoadhini na picha za Kaaba juu ya mahameli. Wakristo kutoka Moshi, Mbeya na Songea walichukua rozari, sanamu za Bikira Maria, na ile Karamu ya Mwisho ambayo ukisogeza kichwa mitume nao wanakutazama upya. Mimi ni Mwislamu, lakini nadhani mitume niliowafunga kwa mikono yangu ni wengi kuliko waliopita mikononi mwa paroko yeyote. Nilijifunza kwamba sanamu huvunjika vidole kwanza, hasa vya mkono unaobariki, kwa hiyo mkono huvikwa pamba kabla ya kichwa. Nilijifunza pia kwamba picha ya rangi ya mafuta ikikunjwa, upande wa rangi unakaa nje. Kila mgeni huukunjia ndani akidhani anaulinda. Rangi iliyokunjwa ndani hujikunyata na kupasuka. Ya nje hunyooka tu. Hilo liandikeni ukutani, chini ya kalenda.

Mume wa Bi Huang, Bwana Liang, ndiye aliyekuwa akichora picha hizo. Alikodi chumba mtaa wa Kangle, ghorofa ya juu ya karakana ya kushona nguo, na cherehani za chini zilitetemesha sakafu hata brashi zikawa zinacheza kwenye kopo. Alikuwa mwembamba, mpole, mvutaji wa sigara asiyejua majivu yanaangukia wapi. Kazi yake ilikuwa kunakili: unampa kalenda ya Yesu mchungaji, anakurudishia Yesu mchungaji mkubwa kuliko mlango. Hakuwa na dini, au kama alikuwa nayo hakunitajia, ila aliniambia watakatifu wanachoreka upesi kwa sababu nyuso zao zote zinafanana: zimetulia, zinatazama juu kulia.

Sasa nifike kwa Dada Anyesi, maana kama nisingeandika kisa kingine chochote, hiki ningekiandika.

Anyesi alikuwa mfanyabiashara wa nguo kutoka Songea, mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuongozea kwaya. Muuza duka alipomwambia "mei you", yaani hakuna, yeye aliingia nyuma ya kaunta kuhakikisha. Siku moja alikuja ghalani bila mzigo, akakaa juu ya robota la nguo.

"Kaka Hemedi, wewe una mchoraji. Nataka Danieli katika tundu la simba. Kwa ajili ya kanisa letu kijijini, lakini hasa kwa ajili ya baba."

Baba yake, Mzee Bosko, alikuwa katekista. Presha ya macho ilikuwa imeshazima jicho moja, na la pili hospitali walimwambia linaelekea huko huko, hakuna dawa ya kulirudisha. Anyesi alimwuliza angependa kuona kitu gani kabla halijafunga. Alidhani atasema Dar es Salaam, au bahari. Mzee akasema anataka kumwona Danieli. Na alikuwa na sharti.

"Anasema Danieli achorwe anaogopa," Anyesi alisema. "Na asikimbie."

Nikacheka. Yeye hakucheka, akanieleza. Alipokuwa binti mdogo, simba walizoea kula watu kijijini kwao. Walimkamata mtu shambani, walimkamata mtu njiani, walibomoa hata mlango wa jikoni. Kanisa lilikuwa mwisho wa njia ya majani marefu, na kengele yake ilikuwa rimu ya lori. Kila alfajiri Mzee Bosko alitembea njia ile kwenda kuigonga. Watu walikaa ndani mpaka waisikie. Ikilia, walijua kuna aliyepita akafika salama, nao wakafungua milango na kwenda mashambani. Mkewe alikuwa amefariki, na hakutaka kumwacha mtoto peke yake nyumbani, kwa hiyo alikwenda na Anyesi nyuma yake.

"Watu wote walimsifu kwamba haogopi," alisema. "Yeye anachukia sana maneno hayo. Anasema, mwambieni huyo mchoraji, mimi nilikuwa naogopa kila siku."

Nilimpeleka kwa Bwana Liang siku hiyo hiyo. Kichina changu kilikuwa cha ghalani, kizuri kwa kamba na uzito, kibovu kwa manabii. Nikaeleza nilivyoweza: mtu mwema, shimo, simba wengi, hawamli. Liang akaitikia kwa kichwa, akasema hakuna shida.

Tuliporudi kuitazama, Danieli alikuwa ameketi akitazama juu kulia, ametulia kama anayesubiri chai. Lakini jicho halikukaa kwake. Simba walikuwa wa mlangoni. Mnawajua, wale wa mawe wanaokaa nje ya benki na mahekalu: nywele za vipilipili, macho ya duara, tabasamu la meno yote, na mmoja amekanyaga mpira. Liang alikuwa amewaona hao tangu azaliwe. Hakuwa na sababu ya kudhani kuna wengine.

Anyesi aliinama karibu. "Kaka Hemedi, huyu simba ni golikipa?"

Alicheka mpaka akashika ukuta, mimi nikacheka, Liang naye akacheka bila kujua ni nini. Kisha machozi yake ya kicheko yakawa machozi ya kweli. "Baba atadhani namtania," alisema. "Ana jicho moja, Hemedi. Siwezi kumpelekea hii."

Liang hakuhitaji tafsiri. Aligeuza turubai likatazama ukuta, akaanza jingine. Safari hii nilimweleza pia sharti la mzee, naye akashughulika na hofu. Alimchora Danieli macho yametoka, mdomo umepinda, mikono mashavuni. Bi Huang alipanda ngazi kuja kuitazama, akasimama nyuma yetu, akauliza mgonjwa huyu ameng'olewa jino la juu au la chini. Hiyo nayo ikageuzwa ukutani.

Siku za Anyesi kuondoka zilikuwa zinakaribia, na nilianza kumwonea huruma. Mchana alikuwa yule yule, anabishana na kila laoban, yaani mwenye duka, sokoni kuhusu mishono ya shati. Jioni alikuja ghalani kuniuliza kama mtu anaweza kuelezwa picha badala ya kuiona. Nilimwambia tumpeleke Liang akawaone simba wa kweli, angalau tabasamu liondoke.

Tulikwenda bustani ya wanyama mimi, Anyesi na Liang na ubao wake wa kuchorea. Simba alikuwepo, dume mzee mwenye nywele chache, amelala ubavuni na mgongo umetuelekea. Liang alimchora mgongo. Alimchora mkia. Akavuta sigara, akamchora mkia tena. Anyesi alimpigia simba makofi, akamwimbia, akamwita kwa Kingoni. Simba alinyoosha mguu mmoja akaendelea na usingizi.

Kwa kuwa hatukuwa na simba, Liang akaamua apate Danieli. Akaniambia nivue viatu nisimame karibu na vyuma.

"Uso wangu hapana," nikamwambia. Nilimweleza, na hapa Kichina changu kilinisaidia kwa kuwa na maneno machache: kwetu nabii hachorwi, na mimi sitaazima sura yangu iwe ya nabii, hata kwa rafiki. Anyesi akasema, "Mwache, Liang, ana haki yake." Liang hakubishana. Alifikiri kidogo akaonyesha chini kwa brashi.

"Miguu je?"

Sikuwa na shekhe karibu wa kumwuliza. Miguu yangu ni mipana, kidole gumba kimejitenga na wenzake, na niliona hakuna mtu angeitazama akamkumbuka nabii. Nikavua viatu na soksi, nikasimama juu ya saruji, vyuma mbele yangu. Watoto wa shule waliokuja kuangalia wanyama wakaacha wanyama wakaniangalia mimi.

Ndipo mhudumu akaja na toroli la nyama.

Sikumwona simba akiinuka. Nilichojua ni kwamba alikuwa amelala, kisha alikuwa mbele yangu kwa urefu wote, na sauti ikatoka. Mnaisikia kwenye televisheni, lakini ana kwa ana haiingii masikioni, inaingia kifuani. Watoto walitawanyika. Liang alikimbia na ubao wake mpaka kwenye kibanda cha barafu za kunyonya. Mimi nami nilikuwa nimeshaanza kugeuka, na nyuma yangu nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa Anyesi, ya chini, ya mtu wa porini.

"Usikimbie. Hemedi, simama. Usimpe mgongo."

Nikasimama. Si kwa ushujaa, vijana wangu, bali sauti ile haikuacha nafasi ya kufanya jingine. Najua kulikuwa na vyuma. Miguu yangu haikujua. Simba akanguruma tena, akachukua nyama yake, akaondoka nayo.

Nilipogeuka, Anyesi alikuwa hanitazami usoni. Alikuwa anatazama chini, mkono mdomoni. Nikatazama nami. Vidole vyangu vyote kumi vilikuwa vimejikunja, vimeing'ang'ania saruji kana kwamba inataka kuchukuliwa, na kucha zimekuwa nyeupe.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Mimi nilikuwa mdogo, nilikuwa nyuma yake, na niliogopa kutazama majani. Kwa hiyo nilitazama miguu yake tu. Kila majani yalipotikisika, alisimama, na vidole vikafanya hivyo hivyo. Kisha vikafunguka, tukaenda. Uso wake wakati ule siujui, Hemedi. Miguu ndiyo ninayoijua."

Alikwenda mwenyewe kumvuta Liang kutoka kwenye kibanda cha barafu. Akamwonyesha vidole vyangu, akajishika kifua, akaonyesha mbele, njia ndefu. Liang alikaa chini kwenye saruji akaanza kuchora. Nikataka kuvaa soksi. "Usisogee!" alifoka, mpole yule, na nikakaa bila viatu mpaka miguu ikashikwa ganzi. Tatizo likawa kwamba vidole vilikuwa vimeshatulia, ikabidi Anyesi awe ananitisha kila mara kwa kunikumbusha ile sauti. Alifurahia kazi hiyo kupita kiasi.

Picha ya tatu ilimwonyesha Danieli amesimama. Uso Liang aliufunika nusu kwa kivuli, sikumwuliza kwa nini, nikamshukuru kimya kimya. Simba walikuwa nusu wa bustani na nusu wa mlangoni, maana mkono wa mtu hauachi mazoea kwa siku moja, na mmoja bado alikuwa na dalili ya tabasamu. Lakini miguu ilikuwa mbele kabisa, juu ya jiwe, mikubwa, na kwenye vidole Liang alikuwa ameweka rangi kwa kisu badala ya brashi, nene, mpaka imeinuka. Anyesi aliitazama muda mrefu. Akasema, "Twende."

Twende, ndiyo, lakini rangi ya mafuta iliyowekwa kwa kisu haikauki kwa sababu ndege inaondoka. Bi Huang alishuka karakana ya chini akaazima feni zote, mafundi wakabaki wanajipepea kwa karatasi za vipimo vya kukatia nguo. Feni zilikausha vizuri. Zilipuliza pia vumbi lote la nyuzi la jengo lile, likaenda kutua kwenye manyoya ya simba. Liang alijaribu kulitoa kwa kibanio, akachoka, akasema simba wa kweli naye alikuwa na uchafu.

Vidole vilibaki vibichi. Kwa hiyo sheria ya kukunja niliyowapa hapo juu haikutufaa, maana picha mbichi haikunjwi ndani wala nje. Bi Huang alinionyesha: kasha bapa la plaiwudi, picha imepigiliwa kwenye fremu yake, na vipande vya mti pembeni vya kuinua kifuniko ili kisiguse rangi mahali popote. Kisha tukalitikisa, yeye upande huu, mimi upande ule, masikio yote mawili yamelala juu ya mbao. Halikusema kitu. Niliandika JUU HUKU kwa Kiswahili, Kiingereza na Kichina, na mshale mkubwa, na bado Anyesi alisema atamkazia macho kila mbebaji mpaka Songea. Nguo zake zote aliziacha zije kwa konteina. Aliondoka na sanduku dogo na Danieli.

Msimu uliofuata alirudi. Nilimwona mlangoni nikaogopa kuuliza, na yeye akalijua hilo, akaniacha nimtengenezee chai kwanza.

"Ameiona," alisema.

Walikuwa wameitoa kwenye kasha nje, kwenye jua. Mzee Bosko aliisogelea mpaka pua ikakaribia rangi, akaipitia kwa jicho lake moja kidogo kidogo, kuanzia juu. Alipofika kwa simba aliuliza huyu anacheka nini. Uso aliupita tu. Akashuka. Alipofika miguuni akasimama hapo hapo. Kisha akavua ndala zake, akatazama miguu yake, akatazama ya kwenye picha.

"Huyu alikuwepo," akasema.

Nililia, sioni haya kuwaambia. Bi Huang aliuliza kuna nini, nikamweleza, naye akaenda kumpigia mumewe simu kwenye kibanda cha barabarani, akapiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. Paroko alitaka picha itundikwe juu, nyuma ya altare. Mzee akakataa. Akasema iwekwe chini, karibu na mlango, mahali anapoweza kuifikia.

Mizigo mingine mingi ilifuata baada ya hapo, na wateja wengine, na nyinyi mkaja mmoja mmoja na meno yenu kwenye tepu. Visa vyenu mnavijua. Lakini mlinunulia saa mtu aliyestaafu, na mtu aliyestaafu ana nafasi ya kusafiri. Mwezi uliopita nilikwenda Songea. Dada Anyesi, mvi tupu sasa na sauti ile ile, alinichukua mpaka kijijini.

Nilivua viatu mlangoni pa kanisa kwa mazoea ya msikitini, na akina mama waliokuwa wanafagia wakatazamana. Picha ilikuwa pale pale, chini, ukutani karibu na mlango. Nyuzi za Kangle bado zimo kwenye manyoya ya simba. Rangi imefifia kidogo. Lakini miguuni, mahali pa vidole, hapakuwa na rangi kabisa. Palikuwa peupe, pamelainika kama mpini wa jembe la zamani, turubai lenyewe linaonekana.

"Panya?" niliuliza.

"Baba," alisema Anyesi.

Jicho la pili lilikuwa limefunga miezi michache baada ya picha kufika. Kuanzia hapo Mzee Bosko aliletwa kila asubuhi kwa fimbo kwenda kugonga rimu yake, na kabla ya kuigonga aliingia ndani, akapapasa ukuta, akatafuta ile rangi nene aliyoiweka Liang kwa kisu, akapitisha vidole vyake juu ya vidole vile mpaka avipate vyote. Watu walimwona. Mwenye safari akaanza naye kupita kugusa. Mwenye mgonjwa, mwenye mtihani, mama anayekwenda kujifungua mbali. Mzee alifariki zamani, nao hawajaacha. Kwa miaka yote hiyo wamekuwa wakiondoka na rangi kidogo kidogo kwenye ncha za vidole.

Anyesi aliniuliza kama Liang bado yuko, nimwombe aje apake upya, au nitafute mchoraji mwingine. Akina mama wakaacha kufagia ili wasikie nitasema nini. Mmoja wao alikuwa ameshaniangalia chini, akatazama picha, akatazama chini tena, na nikaona ameanza kushuku miguu ile ni ya nani.

Nikamwambia Anyesi waache kama ilivyo. Kisha nikainama, mtu wa Kariakoo, nikaweka kidole pale peupe. Kwa macho hapakuwa na kitu, lakini kwa kidole vilikuwepo, vijiinuko vidogo sana, kumi, bado vimeshika jiwe.